Zaburi Jikoni

Mama aliacha kwaya miaka minne iliyopita. Kinanda cha umeme kilipoingia, wakubwa wakaambiwa wawapishe vijana. Hakulalamika. Ila toka siku ile, hapa kwetu Usagara, Tanga, sikumsikia tena akiimba, hata akiwa anakuna nazi.

Juzi nilikuwa nasikiliza albamu ya Abayudaya, Wayahudi wa Mbale, Uganda, iliyotolewa na Smithsonian Folkways mwaka 2003. Zaburi kwa Kiganda, sauti zimepangwa kama za kwaya zetu. Mama akachungulia mlangoni. "Hao Walutheri wa wapi?"

Nikamwambia si Wakristo. Semei Kakungulu, mkuu wa vita aliyekuwa Mprotestanti, aliingia dini ya Kiyahudi mwaka 1919 pamoja na wafuasi wake, ndiyo maana harufu ya kanisani bado imo. Idi Amin alipoipiga marufuku dini yao, wengi waliiacha. Waliobaki wakasali kwa kujificha. Baada ya Amin kuondoka mwaka 1979, vijana wao, akina Gershom Sizomu na nduguye J.J. Keki, walizitungia zaburi tuni mpya, na imani ikapata nguvu tena.

"Kwa hiyo miaka yote ile waliimba kimyakimya?"

"Nadhani, Mama. Kama hawakuimba kabisa."

Hakujibu. Akarudi kwenye mbuzi yake. Nikaurudia wimbo, na safari hii kutoka jikoni ikaja sauti ya alto, ndogo, yenye kutu. Sikugeuka, nisije nikamstua.