Samaki wa Kioo na Dumu la Maji

Ndugu msomaji, ukisikia kwamba mtu anayeishi Newala amenunua samaki wa kufuga sebuleni, nakuomba usimcheke kabla hujamsikiliza. Najua utakalosema. Utasema kwamba Uwanda wa Makonde ni nchi ya mchanga, kwamba mvua ikinyesha maji hudidimia papo hapo, na kwamba chemchemi huzioni mpaka umeteremka hadi bondeni. Utasema kwamba bibi zetu walikuwa wakitoka alfajiri na kurudi jua limekwisha kupanda, mtungi kichwani. Wala jambo hilo si la jana. Karl Weule, Mjerumani aliyefika Masasi na Newala mwaka 1906 kuchunguza mila za watu, aliandika juu ya taabu hiyo ya maji. Katika miaka ya 1950 ndipo ulipoanza mradi wa kuyapandisha maji kwa pampu kutoka bondeni. Yote hayo niliyajua, na samaki nikawanunua.

Mambo yalikuwa hivi. Nilikuwa nikiishi Masasi, chini ya jabali la Mtandi, jirani na mzee mmoja mstaafu aliyepata kufanya kazi Mbinga miaka mingi. Sebuleni kwake kulikuwa na tangi la kioo, urefu wake mita 1, upana sentimeta 40, kimo sentimeta 45, na ndani yake mawe yaliyopangwa kama kijilima. Katika matundu ya mawe hayo walipenya samaki tisa wa rangi ya buluu na njano, ambao wazazi wao walitoka Mbamba Bay, ng'ambo ya Songea, katika Ziwa Nyasa. Huko wavuvi huwaita mbuna. Ziwa hilo lina mamia ya aina za samaki wasiopatikana mahali pengine popote duniani, na watu wa Ulaya na Marekani huwalipia fedha nyingi wapate kuwatazama tu. Nami kila jioni nilikuwa nikienda kuwatazama bure.

Mwishoni mwa Septemba nikapata uhamisho wa kwenda Newala. Wakati huo huo mzee naye alikuwa akifunga nyumba aende kuishi kwa mwanawe Dar es Salaam. Akaniuzia tangi pamoja na samaki, pampu ya hewa, kichujio chenye sifongo, na chombo cha kupashia maji moto, kwa bei ambayo haikufikia hata thamani ya kioo chenyewe. Alinieleza mambo mengi siku ile. Mimi niliitikia, "Naam mzee, naam mzee," huku macho yangu yakifuata rangi.

Safari yenyewe ilikwenda vizuri. Samaki hawakulishwa siku ya kuondoka. Tuliwatia katika mifuko ya plastiki, maji sehemu moja na hewa sehemu mbili, mifuko ikawekwa ndani ya ndoo, na watoto wakazishikilia ndoo hizo mapajani mpaka gari lilipomaliza kuupanda mlima na kufika juu uwandani. Tangi nalo lilisafiri tupu, limefungwa magodoro. Mtu akilihamisha likiwa na maji atakuja kulia, kwa sababu lita 160 zina uzito wa kilo 160, na gundi ya pembeni haikutengenezwa kuhimili barabara.

Tulipofika ndipo nilipotaka kuonyesha usafi wangu. Nikaona sifongo ni nyeusi, imejaa utelezi, inanuka matope. Nikaifua kwa sabuni ya unga, nikaisuuza mara tatu, nikaianika juani ikakauka kabisa. Mchanga nao nikauosha mpaka ukang'aa. Nikajaza tangi kwa madumu manane ya lita 20, nikayaacha maji wazi siku mbili ili dawa ya bombani itoke, kisha nikawatia samaki. Majirani walikuja wakasifu.

Siku ya nne asubuhi niliwakuta wote juu ya maji, vinywa wazi, mashavu mekundu. Mmoja alikuwa amekufa. Jioni akafa wa pili. Nikampigia simu mzee.

"Ile sifongo uliifanyaje?" akauliza.

"Niliifua, mzee. Kwa sabuni, nikaianika."

Akanyamaza kitambo. "Basi, mwanangu, umewaua wafanyakazi wote."

Hapo ndipo nilipopewa tena somo lile nililolipuuza Masasi, nami nakupa wewe, msomaji, kwa sababu ndilo jambo ambalo mnunuzi wa tangi kuukuu hapaswi kulikosa. Samaki anapopumua na kwenda haja hutoa amonia, nayo ni sumu inayomchoma mashavu. Katika sifongo na mchanga uliokwisha kutumika wanaishi bakteria ambao huigeuza amonia kuwa naitriti. Hiyo nayo ni sumu. Bakteria wengine huigeuza naitriti kuwa naitreti, ambayo samaki huivumilia ikiwa ni kidogo, na ambayo mimea huipenda. Utelezi ule mweusi nilioukasirikia ndiyo iliyokuwa kambi yao. Ilipasa niisafirishe sifongo ikiwa mbichi ndani ya maji yake ya zamani, na kama ni lazima kuisafisha, niikamue tu katika maji yale yale. Sasa ingenibidi kungoja wiki nne mpaka sita wazaliwe wengine, na katika muda huo dawa ilikuwa moja: kila siku kutoa maji kiasi cha moja ya tano na kutia mengine.

Moja ya tano ya tangi langu ni dumu moja na nusu. Zidisha kwa siku 28 utapata madumu 42. Na huo ulikuwa mwezi wa Oktoba, wakati ambapo visima vya kuvunia maji ya mvua vimekauka, na maji hununuliwa kwa vijana wanaoyaleta kwa baiskeli.

Mama Watoto hakunigombeza. Alileta daftari la matumizi ya nyumba, akaliweka mezani mbele yangu, akasema, "Baba Watoto, nionyeshe mahali pa kuandika haya." Nikatazama ukurasa. Palikuwa na unga, mafuta, ada, nauli. Sikupaona mahali.

Siku ya sita akafa wa tatu. Mwanangu mdogo alimfunga katika karatasi ya daftari lake akamzika chini ya mkorosho, na hakunisemesha mchana kutwa.

Nilichokiogopa zaidi, kwa kweli, kilikuwa macho ya watu. Jirani yetu ni bibi mzee wa Kimakonde, ambaye usichanani mwake aliteremka na kupanda mlima ule kwa ajili ya mtungi mmoja. Alikuja siku hiyo, akakaa mkekani, akawatazama samaki muda mrefu. Akauliza kama wataliwa. Nikamwambia la, ni wa kutazama tu. Akatikisa kichwa, akasema, "Mjukuu wangu, hawa wanaoga kila siku. Mimi naoga nusu ndoo." Hakusema kwa ubaya. Afadhali angesema kwa ubaya.

Usiku ule tulizungumza, mimi na Mama Watoto, tukakata shauri. Kwanza, maji ya samaki hayatatoka katika fedha ya nyumba. Nitayafuata mwenyewe bombani kabla ya kwenda kazini, kwa baiskeli, na kusimama foleni kama watu wengine. Pili, maji yatakayotolewa tanganini hayatamwagwa, bali yatapelekwa kwenye tuta la mchicha la bibi, ambalo alikuwa akilimwagilia maji ya kunywa kwa kuwa hakuwa na mengine. Dumu moja na nusu aliloliweka akiba kila siku likabaki katika pipa lake.

Basi nikawa mwanamume wa pekee katika foleni ya alfajiri, katikati ya akina mama. Wiki ya kwanza walinicheka, wakaniita Baba Samaki. Wiki ya pili wakaanza kuniuliza habari zao: wangapi wamebaki, yule wa njano amepona? Nami nilijifunza foleni ni kitu gani. Nilikuwa nimeoa miaka kumi na mitatu nikidhani maji hukaa ndani ya pipa.

Siku moja bomba halikutoa, wala kesho yake. Nyumbani nilikuwa na madumu mawili niliyoyaweka kwa samaki. Jioni mtoto wa nyumba ya tatu alikuja na ndoo tupu, akasimama mlangoni bila kusema neno. Mwanangu mdogo ndiye aliyelibeba dumu la kwanza akampelekea. La pili tulipikia. Samaki walikaa siku mbili katika maji yao wenyewe. Tukaacha kuwalisha ili wasiyachafue zaidi, na umeme ulipokatika usiku na pampu ikanyamaza, watoto walishika zamu ya kuchota maji kwa kopo na kuyamimina tena kutoka juu yapate hewa. Walisalimika wote sita.

Katikati ya Novemba maji yalikuwa yamekwisha kutulia, nikirudia kuyabadili mara moja tu kwa wiki. Ndipo mmoja wa wale wa njano alipoacha kula. Taya lake lilivimba, akajificha nyuma ya mawe. Nikampigia simu mzee kwa hofu, nikamweleza kwamba safari hii sikugusa sifongo. Alicheka mpaka akakohoa. "Mama yule ana mayai kinywani," akasema. "Atakaa nayo wiki tatu, wala hatakula kitu. Mwache." Akanikumbusha pia kwamba mvua zikianza nisifurahi nikamimina maji ya paa moja kwa moja, kwa maana maji ya mvua hayana chumvichumvi, na samaki wa Ziwa Nyasa wanayataka maji mazito kidogo. Nitie kwanza vipande vya mawe ya matumbawe, yale ya kujengea yanayopatikana Mtwara, yayeyuke polepole.

Bibi nilipomweleza habari ya mayai, alikuja kila jioni kumtazama yule mama aliyefunga kinywa. Alikuwa akimletea salamu, na kwangu fungu la mchicha.

Mvua ya kwanza ilinyesha usiku mwanzoni mwa Desemba. Tuliamka wote kutega ndoo chini ya paa. Tuliporudi ndani tumelowa, mwanangu mdogo akamulika tangi kwa tochi, akatuita kwa kunong'ona. Tulihesabu vitoto kumi na kimoja, kila kimoja kama punje ya mchele, vimejibanza katika mawe. Asubuhi vilikuwa saba, maana wakubwa huwala wadogo wakiwapata. Watoto walikwenda shuleni wamechelewa siku ile, kwa sababu walikuwa nje kwenye matope wakitafuta mawe madogo ya kuongeza.