Waya wa Spidi Una Njia Yake

Shinyanga Mjini

Mpwa wangu Mabula,

Mama yako yuko kwangu tangu Jumamosi. Magoti yanamsumbua lakini mdomo ni mzima, na ndiye aliyenisomea ujumbe wako mbele ya watoto wote. Ujue basi kuwa na barua hii ataisoma yeye kwanza kabla sijampa kondakta. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, basi halisubiri tena kivuko, kwa hiyo mzigo ninaokutumia utakufikia mapema. Ndani yake kuna mipira miwili ya kupitishia waya kwenye bodi. Nitakwambia kazi yake.

Nimefurahi kusikia umekabidhiwa Datsun 240Z. Sisi tulilijua gari hilo kwa redio: lilishinda Safari Rally mwaka 1971, likashinda tena 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Leo mwenye duara la dhahabu kalinunua la kutambia, sindano ya spidi imelala kwenye sifuri, naye anakuuliza kwa nini waya mmoja uchukue siku nzima.

Waya wa klachi huvutwa na kurudi. Huu wa spidi unazunguka. Gia ndogo iliyo nyuma ya giaboksi huzungusha uzi wa ndani, uzi nao huzungusha sumaku ndani ya mita. Sumaku imezungukwa na kikombe cha alumini kilichoshika sindano. Haikigusi, inakiburuta tu, na springi nyembamba inakivuta kirudi. Ndiyo maana waya ukikunjwa vibaya huko chini ya gari, sindano itatetemeka juu mbele ya dereva, na lawama itabebeshwa mita.

Nikiwa karakana ya Mwadui, tuliletewa Land Rover iliyofungwa waya mpya kwenye gereji fulani wiki hiyohiyo. Ganda la nje lilikuwa limeyeyuka na kugandia kwenye ekzosi, uzi wa ndani umekatika. Waya wenyewe ulikuwa mzuri kabisa, ila aliyeufunga alitafuta njia fupi. Mzee aliyenifundisha kazi hakusema neno. Alichukua kipande cha kamba, akakifunga kwenye ncha ya waya ule, akauchomoa taratibu; waya ukatoka, kamba ikabaki mahali pake ikionyesha palipopitwa.

Nawe fanya hivyo, lakini angalia kwanza kama aliyekutangulia alipita pazuri. Laza waya wa zamani na mpya sakafuni, ulinganishe urefu na ncha zote mbili. Uweke mbali na ekzosi na shafti ya usukani. Kona yoyote isiwe kali kuliko mviringo wa sufuria ya ugali. Pale bodi ilipotobolewa kati ya injini na dashibodi, uvalishe waya mpira niliokutumia, la sivyo bati litaula waya. Grisi iwe kidogo, na sehemu ya juu, kiasi cha upana wa kiganja, iache kavu, maana grisi hupanda hadi ndani ya mita. Kabla hujafunga juu, zungusha uzi kwa vidole kutoka chini. Ukiruka-ruka badala ya kuzunguka laini, kuna mkunjo, rudi ukautafute. Nati ya kwenye mita funga kwa mkono tu.

Muulize pia mwenyewe kama giaboksi ni ya gari hilohilo. Kama imetoka kwenye Datsun nyingine, ile gia ndogo huenda ina meno tofauti, na mita itadanganya hata kwa waya mpya.

Na usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Hili silijadili nawe. Weka stendi.

Watu wa dhahabu hulipa haraka na hutaka kila kitu kwa haraka hiyohiyo. Pokea hela ya mwenye gari kwa heshima, haraka yake usiipokee. Tochi ya trafiki ikimkamata kijijini amepita 50, hatakumbuka kuwa ndiye aliyekuharakisha, atakukumbuka wewe.

Ukimaliza, litembeze hadi Katoro na kurudi, ukilinganisha sindano na spidi ya kwenye simu. Simu aishike mwenzako, wewe macho barabarani. Kisha nipigie kabla hujamkabidhi funguo. Mama yako anauliza kama umeshalipa kodi ya chumba.

Mjomba wako