Kisiwa Kizima Dirishani



Leo nazungumza na mabibi harusi wanaoniuliza kwa siri: "Nimeposwa na mtu wa mbali, nifanyeje?" Mie niliolewa mbali. Nilitoka Malindi, Unguja, nikaenda Oloipiri, wilaya ya Ngorongoro, mume wangu anakosomesha. Somo yangu alinifunza singo, udi na adabu za ndani. Hakunifunza baridi ya Julai, wala kuishi pahala ambapo adhana naisikia kwenye simu tu.

Mwaka wa pili nikachoka. Nikaaga kuwa naenda harusi ya binamu yangu. Harusi ilikuwepo kweli, lakini moyoni nilikuwa naondoka nisirudi. Sikumwambia mtu.

Asubuhi ya safari akaja jirani yangu wa Kimaasai, ambaye namwita Yeyo, yaani mama, kama wanavyomwita wanawe. Akanipa kijifuko cha shanga. Mwanawe ni mlinzi wa hoteli Nungwi, na hajamwona tangu aondoke. "Mpe mkononi," akasema, "kisha urudi uniambie anakaa mahali gani." Nikapokea. Nanyi mnajua, amana ukishaipokea imeshakufunga.

Tulikwenda siku nzima kwa gari: vumbi la Sale, Ziwa Natron, Ol Doinyo Lengai, hadi Mto wa Mbu na Arusha. Kesho yake nikapanda ndege ndogo ya injini moja, abiria kumi na kidogo, mizigo mwisho kilo 15. Mtu anayehama hatoshi kilo 15! Nusu ya nguo zangu zikabaki kwa jamaa wa mume wangu. Shanga sikuziacha.

Nilikaa nyuma ya rubani, karibu kiasi cha kuiona saa yake ya mkononi. Nikasoma dua ya safari, nikafumba macho. Nilipofumbua, bara lilikuwa limekwisha, na chini ni bahari, buluu nzito. Kisha ikaanza kupauka, ikawa kijani cha fuwele, na mchanga wa chini ukaonekana. Tumbatu ikatokea, nyembamba, imejaa miti. Mbele yake ncha ya Nungwi, mapaa ya makuti na mstari mweupe wa mawimbi juu ya mwamba.

Subhanallah. Nimezaliwa kisiwani, siku zote nasafiri kwa boti, na sikuwahi kukiona kisiwa. Mahali anapopawaza Yeyo kila usiku palifunikwa na ukucha wangu.

Tukateremka na pwani ya magharibi: Bububu, Changuu na kobe wake, halafu mabati yenye kutu ya Mji Mkongwe. Nikaitafuta nyumba yetu, na kabla sijaiona ikawa imepita. Hapo nikalia. Chini ya bati mojawapo alikuwepo mama yangu, naye ananiwaza pahala asipopajua, kama Yeyo.

Baada ya harusi nikaenda Nungwi na kaka yangu. Yule kijana akavaa shanga zake kimya, kisha akauliza: "Mvua imenyesha nyumbani?"

Nikamjibu. Nikamwambia majani yameota mpaka wapi, ng'ombe gani amezaa, nani amejenga boma jipya. Nilikuwa nasema na huku najishangaa. Kumbe Oloipiri naijua. Alipouliza kuhusu nyumbani, sauti iliyojibu ilikuwa ya mtu wa nyumbani.

Nilirudi baada ya wiki tatu. Nikamweleza mume wangu kila kitu, hata ile nia. Alinyamaza muda mrefu, na siku zile hazikuwa nyepesi. Yeyo nilimwonyesha picha niliyoipiga dirishani. Akaitazama, akaigeuza simu, akauliza: "Maji yote haya ni ya chumvi? Sasa ng'ombe wanakunywa wapi?"

Bi harusi, sitakwambia kwenda mbali ni kwepesi. Baridi bado ipo. Lakini kabla ya akdi, zungumzeni wazi safari za kurudi kwenu: lini, na nauli ya nani. Kuweka sharti si utovu wa adabu; dini yetu imeruhusu. Na ukishafika huko, jifunze majina ya watu na ya mifugo yao. Iko siku mtoto wao aliye mbali atakuuliza.

Allah awajaalie nyumba zenye utulivu, za karibu na za mbali. Amin.