Uzi Mwekundu wa Isevya, popote pale alipo

Jina langu la kuzaliwa walilijua watu wachache pale Tabora. Kwa wengine wote, kuanzia Kigoma hadi Mtwara, nilikuwa Uzi Mwekundu wa Isevya, fundi cherehani na mtuma salamu. Kama ulikuwa na redio mwanzoni mwa miaka ya 1990, huenda ulinisikia. Siku zile sisi wa bara tulikuwa na Redio Tanzania Dar es Salaam, basi. Redio za watu binafsi zilikuwa bado kuja, kwa hiyo msomaji wa salamu akikutaja, umetajwa nchi nzima.

Vijana wa sasa inabidi niwaeleze. Unanunua kadi za salamu, unajaza jina na anwani yako, chini yake majina ya unaowasalimu, kisha ujumbe. Unatia sanduku la posta, halafu unasubiri. Wiki mbili, mwezi, wakati mwingine haisomwi kabisa. Majina tuliyapanga kwa ufundi: kwanza watuma salamu wenzako wenye majina makubwa, ili nao wakurudishie, kisha ndugu, na mwisho yule uliyepotezana naye, “popote pale alipo”. Ujumbe wangu haukubadilika: usiache mbachao kwa msala upitao. Kadi hizo zilinilia fedha ya uzi na vifungo. Betri zikiisha nilizianika juu ya bati zipate jua, zikarudisha pumzi ya nusu saa, na nusu saa hiyo hakuna mteja aliyethubutu kuniuliza suruali yake.

Sitaki mtu aidhihaki burudani ile. Nilikuwa na marafiki Songea na Bukoba ambao sikupata kuwaona sura, na mmoja wao alipofariki nilifunga kibanda siku nzima.

Sasa nije kwenye lililonileta. Mwaka 1994 mjomba wangu, mdogo wake mama, alilazwa hapo hapo mjini. Kutoka kibandani kwangu hadi wodini ni mwendo wa nusu saa kwa miguu, tena ukisimama njiani kununua maembe. Mimi nilifanya nini? Nilijaza kadi ya Ugua Pole, kipindi cha kuwasalimu wagonjwa, nikaandika jina lake kwa herufi kubwa. Ikasomwa, na upesi kuliko kawaida. Nilirukaruka kibandani kama timu yangu imefunga bao. Nikajihesabu nimeshamtazama mgonjwa.

Siku ya tisa nikaenda, kwa kuwa mama alinitumia mtu.

“Shikamoo mjomba.”

“Marahaba, mwanangu. Salamu zako zilifika. Wodi nzima walisikia.”

Nikatabasamu. Akavuta shuka, akaangalia dirishani.

“Wakaniuliza, huyu mpwa wako yuko Dar? Nikawaambia ndiyo, yuko Dar, kazi zinambana.”

Hakuongeza neno. Mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa ananitazama, nami sikujua nimsalimie kama mtu wa Tabora au mtu wa Dar. Mjomba alipona, akaishi miaka mingine mitano, na jambo lile hatukulizungumza tena.

Ningependa kusema nilibadilika siku ile. Sikubadilika. Nilipunguza kadi mwezi mmoja, nikarudi nilipokuwa. Kilichozimaliza ni simu za mkononi, na hata hapo nilihamishia ugonjwa wangu kwenye ujumbe mfupi: sikukuu ikifika, maneno yale yale kwa watu arobaini.

Mwaka 2009 rafiki yangu wa utotoni alinialika Muscat kwenye harusi ya binti yake. Babu zake walikuja Tabora enzi za misafara, yeye akarudi Oman ukubwani. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kupanda ndege. Fundi hasafiri bila kukagua nguo za watu: kanzu zao hazina kola, na shingoni zina kishada cha nyuzi kinachotiwa manukato. Nilikaa nikikihesabu kimesukwa kwa nyuzi ngapi. Kofia zao za kudarizi kwa mkono ningeweza kuapa zimetoka Unguja. Na sokoni Mutrah nilijikaza kutafuta Kiingereza changu kibovu, muuza ubani akanijibu kwa Kiswahili safi kuliko changu.

Lakini nilichorudi nacho si ubani. Kila siku baada ya Magharibi mwenyeji wangu alivaa viatu, akaenda nyumba ya tatu kwa mzee mmoja aliyepooza. Nikawa namfuata. Tende kwanza, kisha kahawa ya iliki katika kikombe kidogo. Sikuwa nimeambiwa kwamba ukitosheka unakitikisa kikombe, kwa hiyo siku ya kwanza nilimiminiwa mara saba na sikulala hadi alfajiri. Wao waliulizana hali, ya mwili, ya watoto, ya jana, wakanyamaza, wakaulizana tena. Robo saa, tumeondoka.

“Mnaongea nini kila siku?” nilimuuliza njiani.

“Leo? Bei ya samaki.”

Tulikuwa tumefika mlangoni kwake, na mimi nilikuwa wodini Tabora, mwaka 1994.

Tangu nirudi, kila Jumapili alasiri natoka kwenda kumwona mtu mmoja. Mmoja tu. Majina nimeyaandika kwenye daftari la vipimo, katikati ya viuno na mabega ya wateja. Mwanzoni nilisumbua watu. Siku hizi mtu akibisha hodi bila kupiga simu, wenyeji hudhani kuna msiba au mkopo. Mama mmoja wa Kanyenye aliniwekea chai, akakaa kimya dakika kumi akisubiri nitaje kiasi. Nilipoaga bila kutaja alinisindikiza hadi barabarani, bado ana wasiwasi. Shemeji yangu alimpigia mke wangu kuuliza kama naumwa. Jumapili nyingine nachoka, nyingine mvua, nyingine nakuta mtu ametoka na nafurahi kimoyomoyo.

Kadi saba tupu zimebaki kwenye droo ya cherehani, na mjukuu wangu huzichorea magari upande wa nyuma. Jumapili hii ni zamu ya yule mgonjwa wa kitanda cha pili. Tulikuja kufahamiana, sasa ni mzee, anaishi Ng'ambo, na bado ananiita mtu wa Dar.