Mgombea Mwenza wa Reagan

Katika midahalo ya shule yetu wenzangu huniita "Mzee", kwa kuwa sipendi mambo yabadilishwe ovyo. Basi niliposoma habari za Ronald Reagan wa Marekani na uchaguzi wa mwaka 1976, niliwahurumia sana wafuasi wake. Walimpenda kwa kuwa alikuwa mhafidhina kama wao. Lakini tarehe 26 Julai, kabla ya mkutano mkuu wa chama chao cha Republican, alimtangaza Richard Schweiker kuwa mgombea mwenza, Seneta ambaye mara nyingi alipiga kura pamoja na wapinzani wao! Reagan alitumaini kuwavuta wajumbe wa Pennsylvania, kwao Schweiker. Wengi wao wakabaki na Rais Ford. Na Clarke Reed, kiongozi wa wajumbe wa Mississippi, naye akaenda huko huko. Ford alipata kura 1,187, Reagan 1,070.

Wenzangu husema Reed alikuwa kigeugeu. Mimi sikubali, maana aliyehama ni Reagan. Mwaka 1981 Reagan, sasa Rais, alimfanya Schweiker kuwa waziri, na hilo silinung'unikii. Waziri huweza kuondolewa wakati wowote. Makamu hungojea kiti chenyewe, kama Ford alivyokipata mwaka 1974 Nixon alipojiuzulu.