Cheche Zilizobaki Njiani

Bila shaka wengi wenu mmepata kuona motakaa ya petroli imezimika njiani, na watu wameizunguka, kila mmoja na neno lake: huyu asema ni plagi, huyu asema ni kabureta, na wa tatu asema heri iuzwe. Nataka kueleza habari za ugonjwa mmoja wa motakaa kuukuu, kwa maana uliutaabisha ushirika wetu muda wa miezi mitano, ukala fedha nyingi.

Motakaa yetu ni Land Rover ya namna iliyotengenezwa Uingereza tangu 1971 hata 1985, nayo huchukua mahindi sokoni na wagonjwa hospitali. Ikiwa baridi iliwaka upesi. Lakini ikiisha kwenda kama kilometa 15 ilikohoa, kisha ikazimika. Ikipumzika nusu saa, iliwaka tena kana kwamba haikuwa na neno. Wakati wa masika ilizimika hivyo nayo imechukua mama mwenye uchungu wa kuzaa, ikawapasa wanaume sita kumbeba kitandani muda wa saa mbili katika matope. Alijifungua salama, lakini mumewe hakutaka kuiona tena motakaa ile, na katika mkutano wa ushirika wengi walikuwa upande wake.

Fundi mmoja wa mjini alikuwa amekwisha kubadili koili mara mbili, na sasa alitaka fedha za kabureta. Nikaomba nipewe siku moja kabla shauri halijakatwa, kwa maana sikusikia mtu akiuliza swali la kwanza: motakaa ikizimika, cheche ipo au haipo?

Umeme wa betri ni volti 12 tu, hauwezi kuruka hata ule mwanya mdogo wa plagi. Basi hupitishwa katika koili. Na ndani ya distributa mna vyuma viwili vidogo, viitwavyo pointi, vinavyokutana na kuachana. Vikikutana, umeme hupita katika waya wa kwanza wa koili; vikiachana, hukatika ghafula, na kukatika kule huzaa katika waya wa pili umeme wa maelfu ya volti. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, pointi huachana mara 4,000. Karibu nazo pana kikopo kidogo, jina lake kondensa, ambacho watu wengi hawakitazami kabisa. Kazi yake ni kuupokea umeme pointi ziachanapo, usiruke papo hapo ukaziunguza, bali ukatike upesi. Kondensa ikiharibika, hata koili mpya haitoi cheche yenye nguvu; na nyingine huwa nzima zikiwa baridi, zikaharibika zikipata moto.

Tukaenda mimi na dereva hata ikazimika. Nikamwambia, "Mzee, tusingoje ipoe, maana ikipoa ugonjwa hujificha." Tukachomoa waya mnene wa katikati ya kifuniko cha distributa, akaushika kwa koleo yenye mikono ya mpira, ncha yake milimita 6 kutoka chuma cha injini, mbali na petroli, nami nikawasha. Ingalitoka cheche nene ya buluu, tungalitazama rota, kifuniko na plagi. Na kama hizo nazo zingalikuwa nzima, ningalikubali maneno ya kabureta, kwa maana hata petroli huchemka kwa joto. Lakini ilitoka nyembamba, ya manjano, tena kwa kukosa-kosa. Tukafungua kifuniko, nikawasha tena. Pointi zilikuwa zimeungua, na kila zilipoachana moto uliruka kati yake.

"Mwalimu," akasema dereva, "kumbe cheche zote zimebaki humu!"

Tukaazima kondensa ya motakaa nyingine iliyolala, tukazisugua pointi kwa tupa ndogo, tukazipima mwanya wa milimita 0.40. Siku ile tulikwenda kilometa 60 bila kusimama. Kondensa mpya, tulipoipata, bei yake haikufika bei ya debe la mahindi. Hata ile koili ya kwanza, iliyotupwa kuwa mbovu, tuliirudisha ikafanya kazi vema.

Shauri la kuuza limeahirishwa hata baada ya mavuno. Dereva huchukua kondensa ya akiba katika kopo la majani ya chai. Yule mume hajapanda bado.