Hesabu ya Mabua

Ukisoma hadithi za Ulaya zilizotafsiriwa kwa Kiswahili utakutana na neno "vuli" likiwa limevalishwa koti: majani yanapukutika, ukungu umetanda, mkulima anaingiza mifugo zizini. Msomaji wa Tanga au Moshi anatikisa kichwa. Vuli kwetu ni mvua, zile za Oktoba hadi Desemba, na mvua ikinyesha majani hayapukutiki, yanachipua. Majira ninayotaka kuyazungumzia hapa ni mwisho wa kipupwe, Agosti, kwenye mteremko wa Kilimanjaro upande wa Marangu, ambako mama yangu anafuga ng'ombe nyuma ya jiko.

Majina ya majira yanatofautiana, kazi ni ile ile. Mfugaji mdogo wa kaskazini alitazama nyasi kavu alizorundika, akatazama midomo iliyopo zizini, akajiuliza nani atavuka na nani hatavuka. Bede, mtawa wa Uingereza wa karne ya 8, aliandika kwamba wazee wake kabla ya Ukristo waliuita Novemba mwezi wa kafara, kwa kuwa ndipo ng'ombe wa kuchinjwa walipowekwa wakfu kwa miungu. Mimi nyuma ya ibada hiyo naona hesabu. Wenzetu wanapambana na theluji. Sisi tunapambana na ukame: masika yameshakwisha, mahindi ya tambarare yanavunwa Julai na Agosti, na hata vuli ikianza vizuri, majani ya kushika panga hupati kabla ya katikati ya Novemba. Hizo ni siku 90 za kula akiba.

Ng'ombe wa kihambani haendi malishoni, maana malisho hayapo. Kihamba ni migomba, kahawa chini yake, magimbi, miti ya kivuli juu, na nyumba katikati. Chakula kinamfuata ng'ombe bandani, na kinamfuata kichwani mwa mtu. Kuna mabingobingo yaliyopandwa kwenye kingo za matuta. Kuna majani ya migomba na vigogo vyake baada ya mkungu kukatwa, ambavyo vina maji mengi kuliko lishe. Halafu kuna mabua ya mahindi kutoka shamba la chini, kuelekea Himo. Bila mabua, Septemba haivukwi.

Siku inaanza saa kumi na moja na nusu. Kutoa samadi, kufagia, kuosha kiwele kwa maji ya uvuguvugu, kukamua. Kidoti, ng'ombe mkubwa, wakati wa masika hutoa lita nane kwa siku. Agosti anashuka hadi tano, na mama hamlaumu. Maji yake hayapungui ndoo mbili kubwa, na mfereji ukikauka ndoo hizo zinatoka bombani kwa foleni. Baada ya chai ni kukata mabingobingo, kupasua kigogo cha mgomba vipande vidogo, kuloweka mabua kwa maji yenye chumvi kidogo ili yalainike. Samadi ya jana inapelekwa kwenye mashina ya migomba. Jioni yote hayo yanarudiwa. Jumapili pia. Ng'ombe hajui Jumapili, anasema mama, ila padri anajua kwa nini nachelewa.

Mwaka huu mvua ilikatika mapema na shamba la chini, nusu eka, lilitupa mizigo 38 ya mabua. Niliyahesabu mwenyewe tukiyapakia kwenye pikapu, safari mbili, vumbi hadi kwenye meno. Usiku nikapiga hesabu kwenye daftari. Ng'ombe mkubwa anahitaji kama kilo 12 za chakula kwa siku, ukiondoa maji yaliyomo. Mtamba wetu, mwenye mimba ya miezi mitano, nilimwekea kilo 8. Jumla kilo 20, mara siku 90, ni kilo 1,800. Nusu itatoka kwenye majani mabichi na migomba. Nusu nyingine, kilo 900, ni mabua. Mzigo mmoja una kilo kama 15, kwa hiyo tunahitaji mizigo 60. Tunayo 38.

Nilimsomea mama. Alinisikiliza kwa adabu, akanyanyua kidole kuelekea darini, juu ya banda, ambako mabua hupangwa. "Yakifika boriti ya tatu, tunavuka wawili. Haya yameishia ya pili." Yaani jibu lile lile, bila daftari.

Basi tukaipeleka hesabu kwenye kundi la familia la WhatsApp. Kaka yuko Arusha, dada yuko Mwanza, mimi niko Dar. Kijana aliyekuwa akimsaidia mama ameondoka tangu Mei, ameona bodaboda inalipa zaidi, na ni kweli inalipa. Kaka aliandika kwa kifupi: uza wote wawili. Mama ana miaka 68, goti linamsumbua, maziwa tutamnunulia. Dada akaongeza kwamba kila simu ya asubuhi kutoka nyumbani humpasua moyo kabla hajapokea, anadhani mama ameteleza bandani. Hakuna aliyekuwa anasema upuuzi. Hilo ndilo lililofanya usiku ule uwe mgumu.

Mama hakuandika kitu. Asubuhi, akikamua, alizungumza na mimi huku mgongo ukiwa umenielekea. "Mwanangu, nikimuuza Kidoti, migomba itakula nini? Migomba ikikonda, kivuli cha kahawa kiko wapi? Mnaniambia niuze ng'ombe. Mngesema tu niuze kihamba."

Watu wa nje wanaujua uzuri wa mpangilio huu. FAO imekitambua kihamba cha Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wa dunia, na ni heshima kubwa. Lakini mpangilio wote unasimama juu ya samadi, samadi inasimama juu ya ng'ombe, na ng'ombe anasimama juu ya mtu anayebeba mzigo. Ukifika Desemba, wakati Wachaga wote wa mjini wamerudi na magari yamejaa njiani, vuli imeshanyesha, majani yako kila mahali, na ng'ombe anaonekana kama kiumbe asiye na gharama. Mahesabu ya nyumba yamefanyika Agosti, watoto wakiwa kazini.

Tulichoamua si kipya. Zamani mlimani mtu mwenye ng'ombe wengi hakuwaweka wote kwake. Aliwapeleka kwa wengine: mtunzaji anapata maziwa na samadi, na akichinjwa ana fungu lake la nyama, mwenye mali anabaki na ng'ombe na uzao wake. Iliwapa wasio na ng'ombe maziwa, iliepusha ugonjwa kumaliza zizi zima, na wengine waliitumia kuficha utajiri wao machoni pa watu. Mama alimtaja jirani wa chini ya mfereji, mjane mwenye watoto watatu, mwenye mabingobingo mengi na banda tupu. Kaka alipiga simu mwenyewe kupinga. Mtamba mwenye mimba ana bei nzuri, alisema, hela ingekaa benki.

"Hela ya benki haitoi samadi," mama akamjibu. "Na haina jirani."

Jirani alikuja jioni na kamba mpya. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu." Mzee mmoja wa ukoo alikaa kama shahidi. Waliyokubaliana yalichukua dakika chache: maziwa na samadi ni vya jirani, ndama wa kwanza ni wa mama, wa pili wa jirani, na mtamba akiugua wanaitana hata usiku. Na jambo moja ambalo mama hakuwa amelitaja kwetu: mama akilala kitandani kwa goti, jirani atapanda kukamua Kidoti. Mzee aliitikia kwa kichwa kana kwamba hilo ndilo lililomleta. Kaka, aliyekuwa kwenye spika ya simu, alinyamaza kidogo, kisha akamshukuru jirani kwa sauti ambayo sijaisikia kwake siku nyingi.

Usiku nilifungua daftari tena. Kidoti peke yake, kilo 12, siku 90, nusu yake mabua: kilo 540, mizigo 36. Inabaki miwili. Mama alisema miwili hiyo ni ya mtamba, ataipeleka mwenyewe taratibu.

Hesabu ya mabua imefungwa. Hesabu ya mikono haijafungwa, na haifungwi kwa daftari. Goti halitapona kwa sababu tumepunguza mdomo mmoja, na mwaka ujao kipupwe kitarudi na swali lile lile. Nilichoweza kufanya kwa sasa ni kidogo: likizo yangu ijayo nimeiomba Agosti. Mhariri wangu akashangaa, kwani ninyi si huwa mnakwenda Desemba, Agosti kuna nini huko?

Nikamwambia kuna mabua.